Ndege wa Shimo la Kifusi

Kila Jumamosi asubuhi watazamaji wa ndege hukutana mlangoni pa kinyozi, maana ndiye mwenye benchi. Jumamosi hiyo mshonaji alikuja na kitinda mimba wake, anayeitwa Kiroboto kwa sababu hajawahi kukaa mahali akatulia. Mama mwenyewe alikuja shingo upande. Mtoto alikuwa amelilia darubini wiki nzima, na mshonaji ni mtu ambaye mwanawe akiwa mbali hata sindano haoni pa kuitia uzi.

Kanuni ya matembezi ni moja. Ukiona ndege huongei. Unainua mkono, na wote wanaganda, midomo imefungwa, mpaka ndege aruke. Mwalimu mstaafu, kiongozi wao, hana masihara na kanuni hiyo.

Walivuka mashamba wakafika kwenye shimo la kifusi. Waliolichimba walimaliza barabara yao zamani, wakaondoka. Shimo likajaa maji, nyasi zikafunika kingo, hata hujui ardhi inaishia wapi. Kiroboto alikuwa akirudi kinyumenyume, darubini machoni, akitafuta kilele cha mti.

Mama akamwona. Akainua mkono.

Ndiyo, mkono, kwa mazoea ya asubuhi nzima. Wote wakaganda, macho matawini. Mtoto akatumbukia.

Hapo ndipo mshonaji alipopiga ukelele uliowatoa ndege wote kwenye matete.

"Jamani, Mama Kiroboto!" Mwalimu alinong'ona. "Umewafukuza!"

Ndege hawakwenda mbali. Walijipanga juu ya shimo kama mafundi walioitwa kazini, wakazama, wakaibuka na mtoto, wamemshika gauni kila upindo.

"Yangeyange hao," alisema kinyozi.

"Wa kushoto ni mnandi," Mwalimu akamsahihisha. "Tazama shingo."

"Na huyo wa katikati ni mwanangu!" alisema mshonaji.

Wakampitisha juu ya vichwa vyao, maji yakiwachuruzikia.

"Mama, nauona utosi wako!" Kiroboto alipiga kelele, anacheka.

Wakamshusha mikononi mwa mama yake taratibu. Mshonaji alimpapasa mbavu, kisha akakagua gauni. Hakuna mshono uliofumuka.

Ndege waliokosa pa kushika hawakutoka bure. Kila mmoja aliibuka na kiatu cha mtoto mwingine, cha mguu mmoja, wakavipanga ukingoni. Kinyozi akaokota chekundu, akakifuta tope kwa shati lake. Mwanawe alikivaa siku aliyotoka asirudi.

Walirudi wakiimba, Kiroboto mabegani mwa Mwalimu, ndege wamewatanda juu kama mwavuli. Watu walitoka madukani wakapiga makofi. Mshonaji, ambaye huogopa hata kuvuka barabara, ndiye aliyetangulia, kifua mbele, na magari yakampisha. Kinyozi alikuja nyuma, mkono mfukoni.

Baadaye wakubwa walikuja kukagua. Waliwasifu sana ndege, wakasimamisha kibao kizuri cha kuwakaribisha watazamaji. Shimo hawakulifukia.

Siku hizi ndege wanapokezana zamu ukingoni, na kazi yao haina dosari. Kiroboto bado huenda matembezini, ila kiunoni ana mkanda wa jinzi, umeshonwa mara mbili, na ncha ya pili iko kiunoni kwa mama yake.

"Mshonaji, umefuga mbuzi?" wanamtania.

"Nichekeni tu," anawajibu, akikaza fundo. "Na nyie shikeni wa kwenu. Ndege nao hulala."