Mtu wa Nane

Mwanangu Mugeta alizama ziwani akiwa na miaka kumi na tisa, akivua dagaa. Mtumbwi ulirudi kijijini kwetu Mugango, yeye hakuonekana tena. Wazee wa ukoo wakasema tuzike mgomba, kama inavyofanyika maiti ikikosekana, ili msiba ufungwe. Nikawaambia wakazike ndizi zao kwingine. Mimi sikuzaa mgomba.

Mume wangu, Apolinary, aliniuliza mara moja tu kila mwaka, na kila mwaka nilimkatalia.

Nilikuwa na mahali pangu. Juu ya shamba letu la mihogo kuna jiwe la watu: wanane, wamechongwa kwa mstari, wameshikana mikono, na hakuna anayejua ni nani aliwachonga. Mvua na jua vimezila nyuso zao. Wa mwisho alikuwa mfupi, kichwa kimelala upande kidogo, vilevile Mugeta alivyokuwa akisimama akigombezwa. Nikampa jina lake. Apolinary alisema Mugeta alikuwa mrefu kuliko huyo. Nikamjibu kwamba ameinama tu. Kila Jumapili baada ya misa nilipanda na ndoo, nikamsugua ukungu kwa gunzi na mchanga, nikampaka mafuta, nikampa habari za nyumbani. Watu walisema nimerukwa na akili. Waseme; watoto wao wanakula ugali kwao.

Ikapita miaka sita. Mwezi jana akaja Revocatus, bwana wa mambo ya kale kutoka Musoma, mtu mpole, akiwa na picha ya zamani ya jiwe lile. Alisema litaandikishwa na kuzungushiwa uzio. Nilifurahi nusura nimkumbatie, kwa kuwa mwanangu angepata mahali pasipoguswa na mtu. Tukapanda naye, Apolinary nyuma yetu.

Alihesabu kwa kidole akaishia saba. Akatazama picha, akahesabu tena. Nikamwambia kwa ukali kwamba wa nane huyo hapo, nikaweka kiganja. Jiwe lilikuwa laini kama sahani. Sijui tangu lini nilikuwa nikimwona kwa mazoea tu.

Revocatus akapapasa. Akasema hii si mvua, maana wale saba wangalipo, hapa pamesuguliwa. Akauliza ni nani hufika huku. Apolinary akaanza kusingizia mbuzi, na najua alitaka kunikinga. Nikamkatiza.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwaga namuogesha."

Akafunga daftari lake taratibu. Nikakaa chini nikalia, kilio ambacho sikukilia hata siku mtumbwi uliporudi. Nilikuwa nimempoteza mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Apolinary achukue panga. Alielewa bila kuuliza. Akaenda nyuma ya jiko kwenye migomba, akasimama mbele ya mmoja mdogo.

"Huo hapana," nikamwambia. "Kata ule mrefu. Mugeta alikuwaga mrefu."