Vitumbua Nyuma ya Kanga

Watoto wa siku hizi mkiambiwa subirini chakula, mnanuna. Mnune nini ninyi! Mimi, Adela binti Wilibrodi, nilinusa vitumbua tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini, nimevibeba kwa mikono yangu hii, na sikutia hata kimoja mdomoni. Walionifanyia hivyo ni watu wazima wawili wenye adabu kupita kiasi.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, kwenye maonyesho ya mazao pale Sumbawanga, mwezi wa saba, baridi imekaza. Baba alipeleka ulezi wake ukashindanishwe. Tangu wakati wa kupanda alikuwa akiniahidi: "Adela, ukifukuza ndege vizuri, nitakulisha vitumbua vya mchele wa Mtowisa mpaka useme basi." Nikafukuza ndege mpaka sauti ikanikauka. Kijijini kwetu Kate, leo tulikula ugali wa ulezi na maharage, kesho maharage na ugali wa ulezi. Kitumbua nilikuwa nakisikia tu.

Mama alikuwa ametoka kujifungua, akabaki nyumbani. Badala yake akaja mama yake, Bibi Bertilla. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kwetu mtu na mama mkwe wake hawali wakionana. Ni aibu, heri uonekane huna nguo! Na mimi mtoto sili kabla baba hajaanza. Mnauona mtego huo?

Hata njiani, kwenye lori la mfanyabiashara Halfani, Baba alikaa mbele juu ya magunia akitazama tuendako, Bibi akakaa nyuma akitazama tulikotoka. Mimi katikati, nikiwaza vitumbua.

Mke wa Halfani, Bi Zaitun, alikuwa na banda lake ukingoni mwa uwanja, anakaanga. Baba akanunua vitumbua, akatupakulia kwenye sahani tatu za bati, akaketi. Akachukua kimoja, akakipeleka mdomoni, na Bibi huyo akatokea. Baba akakirudisha, akakohoa.

"Hapa moshi mwingi," akasema.

Moshi gani? Tukahamia kwenye zizi la ng'ombe, mimi na sahani zangu. Baba akachutama nyuma ya fahali mmoja. Bibi huyo! Masikini, aliogopa kupotea. Hakuwa amewahi kuona watu wengi namna ile, na hapo mjini alitujua sisi tu.

"Kamwambie bibi yako akatazame kabichi za misheni," Baba akaninong'oneza.

Nikaenda. Bibi akajibu bila hata kugeuka, "Mwambie baba yako kabichi nimeziona. Aende yeye."

Tukazunguka uwanja mzima. Vitumbua vikapoa. Mwishowe nikaangua kilio pale pale, mbele ya maboga ya watu. Bi Zaitun akaja mbio kufuata sahani zake.

"We mtoto, nani kakupiga?"

"Njaa!" nikasema, nikamweleza yote.

Bi Zaitun, mtu wa Ujiji, akashika kiuno. "Yarabi! Watu wanakufa njaa na sahani wanazo! Njooni huku."

Akatoa kanga yake, akaitundika katikati ya banda. Baba huku, Bibi kule, mimi pembeni mwa kanga ninapowaona wote wawili. Baba akafanya ishara ya msalaba, akauma. Bibi naye akauma.

"Adela," Bibi akasema, "muulize baba yako kama vyake vina iliki."

"Mwambie mama vina iliki nyingi," Baba akajibu.

Wakatafuna. Kisha Bibi akasema, "Mwambie baba yako ulezi wake nimeuona. Hakuna wa kuushinda. Binti yangu hakukosea mume."

Tangu aoe, Baba hakuwa amesikia neno kama hilo. Akaacha kutafuna, akajifuta macho kwa mkono wa shati, akasema ni moshi. Nami nilifurahi, sikatai. Lakini furaha haishibishi, nikanyoosha mkono kuchukua kitumbua changu cha kwanza.

Upepo wa kwetu Ufipa hauna adabu. Ulikuja mmoja, ukainyakua kanga yote, ukaipeleka kwenye maboga. Wakabaki uso kwa uso, mashavu yamejaa, mafuta yanawachuruzika kidevuni. Kumeza hawawezi, kutema hawawezi. Baba akageukia mlima, Bibi akajifunika uso kwa shuka lake, kila mmoja akashika njia yake. Na chakula cha aibu namna ile wakwe hawakirudii.

"Sasa vitumbua hivi nani atavila?" Bi Zaitun akauliza.

Nikanawa mikono. Baba si alikuwa ameshaanza? Nikala vyangu, nikala vya Baba, nikala vya Bibi, mpaka nikasema basi, kama nilivyoahidiwa.

Mwaka uliofuata Bibi hakutaka mchezo. Alipanda lori na blanketi zito la kutundika badala ya kanga chini ya kwapa na mawe ya kulikandamizia, na Baba mwenyewe akampokea mawe akambebea. Mimi njia nzima nilikuwa nimeshika rozari, nasali. Bibi akawa anamsifu mjukuu wake kwa uchaji.

Nilikuwa naomba upepo.