Umri wa Dada, Swali la Tisa

Dada yangu alikuwa msusi, na hesabu alinifundishia hapohapo saluni, mimi nimekaa chini kati ya magoti yake, daftari mapajani, vidole vyake kichwani mwangu. Chuo cha uuguzi kilitaka hesabu, nami nilikuwa nimeshaanguka mara mbili. Alinisomea swali kwa sauti, kisha akaniuliza ni kitu gani hapo sikijui. Hicho nikipe herufi, halafu habari yote niiandike kwa herufi hiyo.

Maswali ya matangi ya maji niliyaweza. Ya umri yalinishinda. Kosa lilikuwa lilelile: swali likisema baada ya miaka kadhaa, naongeza miaka kwa mdogo, mkubwa namwacha alipo. Hapo Dada alivuta msuko mpaka machozi yakanilenga.

"Na mimi je? Nimesimama nakusubiri?"

Wateja walicheka. Mmoja alimwambia awe macho, huyu mdogo wake anataka kumpokonya ukubwa mchana kweupe.

Alifariki wiki tano kabla ya mtihani, kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka thelathini na mmoja. Mama akaniambia nifumue nywele. Nikasema kesho, na kesho yake nikasema kesho. Siku ya mtihani msuko wake ulikuwa bado kichwani, umelegea, unawasha. Sikuweza kutulia. Nilijikuna, nikavua viatu, nikavaa. Msimamizi alipita mara mbili akaniuliza taratibu kama naumwa.

Swali la tisa lilisema umri wa dada ni mara tatu ya umri wa mdogo wake. Baada ya miaka kumi na miwili, utakuwa mara mbili. Kila mmoja ana miaka mingapi sasa?

Mdogo nikampa x, dada 3x. Nikaandika 3x = 2(x + 12). Mdogo akatoka na miaka ishirini na minne. Dada, sabini na miwili.

Nilijua palepale. Saluni, Dada yangu angesema huyo si dada, ni bibi. Kilichotakiwa ni kufuta mstari mmoja tu, na mkono ukagoma. Sabini na miwili. Nilimwona ana mvi, amevaa miwani ya kusukia, analalamika magoti. Nikarukia swali la kumi, nikarudi. Nikaenda la kumi na moja, nikarudi. Msimamizi akatangaza dakika kumi zimebaki.

Nikajikuna tena, kidole kikanasa kwenye msuko, ukavuta.

Nikafuta. 3x + 12 = 2(x + 12). Mdogo kumi na miwili, dada thelathini na sita. Nikahakiki: baadaye watakuwa na ishirini na minne na arobaini na minane. Sawa.

Mtihani ule nilifaulu, kwa kuponea chupuchupu, ingawa hilo nililijua miezi miwili baadaye. Alasiri ile nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikakaa chini mbele ya Mama, nikamwambia anifumue. Naye akachukua kitana.

Akiwa anafumua, niligeuza karatasi ya maswali nikaandika letu. Mimi nina ishirini na minane. 28 + x = 31. Upande wa Dada sikuongeza kitu.

Nikangoja nywele zivutwe. Mama alikuwa anafumua polepole, bila kuniumiza.