Nguzo Zao, Kuta Zetu

Piiii! Piiii! Piiii!

Mlio ulipenya mlango wa bati wa klabu ya mtaa wa Las Totoras, ukavuka uwanja wa mpira, ukawatia wazimu mbwa wote wa jirani. Ndani mwanamke akapiga kigelegele. Mwanamume akatukana.

"Kizime, Kimbaumbau! Masikio yangu bado nina kazi nayo!"

"Kiache kilie, Fabricio. Mtoto asiyelia ana kasoro."

Zulma Gauna, ambaye wembamba wake ulimpa jina la Kimbaumbau, alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo ya maji, mkononi kashika kisanduku cha plastiki chenye nyaya mbili zinazoning'inia. Nyaya zikigusa maji, kisanduku hulia, zikitoka, hunyamaza. Vingine kama hicho walishavifunga kwenye nguzo za taa kando ya mto, kwa sababu mto huo, Paraná, haupigi hodi. Zulma akiwa mdogo uliingia mtaani watu wamelala, na mama yake alizinduka godoro likielea.

Fabricio, fundi mwenzake, akachungulia ndani ya kisanduku, akaangua kicheko. "Mende wako bado wamelala chali!"

Bodi ya ndani, inayobeba chipu, waliitengeneza wenyewe. Walichapa mchoro wa saketi kwenye karatasi laini, wakailaza juu ya bamba la shaba, wakaipiga pasi ya nguo mpaka wino uhamie. Ukihamia, mchoro hugeuka kama uso kwenye kioo, kwa hiyo lazima uuchape ukiwa umeshageuzwa. Zulma, na haraka zake, alisahau kuugeuza, akamaliza shaba yote iliyokuwapo klabuni wakati huo. Hakuitupa. Alizilaza chipu chali, miguu juu, akazilehemu hivyo hivyo, nazo zikakubali. Kisha akauweka mchoro mtandaoni pamoja na kosa lake, maana kwao anayeficha kosa anamchimbia mwenzake shimo njiani. Mwalimu mmoja wa mji wa Corrientes akaunyoosha mchoro. Fundi redio wa Paraguay akaongeza betri ya jua. Kila aliyeugusa aliandika jina lake, na kila aliyeuchukua alikubali kuuacha wazi kama alivyoukuta.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Don Lisandro, mwenyekiti wa klabu, na nyuma yake mgeni mwenye viatu visivyojua matope.

"Huyu ni Mhandisi Bracamonte," alisema Don Lisandro. "Kampuni yake ndiyo iliyopewa mkataba wa ving'ora vya mto."

Wakakaa. Fabricio akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai chungu ya kupokezana, akampa mgeni kwanza. Mgeni akanyonya mrija mara moja, akakunja uso, akarudisha kibuyu. "Asante."

Kwa desturi yao anayeshukuru ametosheka, na Fabricio hakumbembeleza. Kibuyu kikaanza kuzunguka, kikampita mgeni mbele ya pua, kikarudi, kikampita tena.

"Nitasema kwa ufupi," alisema Bracamonte. "Tumekipenda hicho kisanduku. Mwenyekiti atie saini kwamba mchoro ni mali yetu, nanyi muuondoe mtandaoni. Sisi tutaliezeka paa la klabu upya."

Don Lisandro akainua macho. Juu yake madoa ya kutu yalikuwa yametapakaa bati zima. Akaitoa kalamu mfukoni, akaishika kama mtu aliyeshika kisu cha jirani.

"Zulma, mwanangu, mvua ikinyesha watoto wa ndondi wanapigana ndani ya madimbwi."

"Paa nalitaka kuliko wewe, Don Lisandro. Mimi ndiye ninayelehemu chini yake nikiwa nimejifunika mfuko wa plastiki. Lakini sufuria la supu ya locro ambamo kila jirani ametia mahindi yake, utaliuzaje peke yako?"

"Mahindi!" Bracamonte akacheka. "Binti, hiki ni kitu cha kuchezea. Tazama, hata chipu zimelala chali."

"Zimelala chali kwa kosa langu, na kosa limeandikwa, na jina langu liko chini yake. Ving'ora vyako vimezibwa kwa gundi, havina hata skrubu moja. Kikifa mvua inanyesha, atakifungua nani?"

"Mafundi wetu, kutoka Buenos Aires."

"Waambie waanze kuogelea sasa hivi," alisema Fabricio.

Don Lisandro akakohoa kuficha cheko. Mgeni hakucheka. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Nguzo ni za manispaa, na mkataba ni wetu. Bila saini, kesho vijana wangu wanaviteremsha visanduku vyenu vyote. Vyetu vitafika mwezi ujao."

"Mvua ni za mwezi huu!" Zulma akaruka juu. "Katikati hapo tufanye nini?"

"Tieni saini, vitabaki."

Zulma aliiona kalamu ikiteremka kuelekea karatasi, akahisi maji ya utotoni yakimpanda magotini. Angeinyakua, lakini mkono ule wa mzee ndio uliomtoa majini siku godoro lilipoelea. Akaiacha mikono yake chini, akatumia ulimi.

"Don Lisandro. Nguzo ni zao. Kuta ni za nani?"

Mzee akazitazama kuta za klabu. Kisha akairudisha kalamu mfukoni.

"Mhandisi, paa hili lilikuwa likivuja kabla hujaja. Litavuja vizuri tu ukishaondoka."

Kesho yake jua lilipochomoza, klabu ilijaa pasi. Wanawake walikuja nazo kwapani, na kila aliyekuja alipewa mchoro uliochapwa na kipande cha shaba. Fabricio alisimama kwenye printa, akimpigia kelele kila anayechapa: "Geuza! Umegeuza? Hakikisha umegeuza, usije ukawa Kimbaumbau!" Waliokosa plastiki walileta makopo ya biskuti. Mikono iliungua, matusi yalitoka, risasi ya kulehemu ilidondokea meza za mwenyekiti, naye akajifanya haoni.

Vijana wa kampuni walipofika na ngazi zao kando ya mto, walikuta ngazi nyingine zimeshaegemezwa kwenye kuta za nyumba. Wao wakikata waya nguzoni, Zulma anapigilia msumari ng'ambo ya njia. Hakuna aliyewazuia. Hakuna aliyewasalimia.

Nyumba ya mwisho kabla ya maji ilikuwa ya Doña Ercilia, mjane aliyesusiwa na miguu yake. Alikuwa kwenye kiti mlangoni, akiitazama nyundo ya Zulma kwa jicho la hakimu.

"We mtoto, na wakija kukitoa na hapa?"

"Ukuta ni wako, Doña. Atakayekigusa ni mwizi, mwite hivyo."

"Kumwita nitamwita, mdomo ninao. Miguu ndiyo sina. Hicho kikopo chako cha biskuti kisipolia, mimi nitajua mto umefika kwa kulowa makalio?"

Kijana aliyekuwa juu ya nguzo akacheka kwa nguvu. Zulma akashuka ngazi, akachuchumaa mbele ya kiti, akapaza sauti ili imfikie hata yule kule juu.

"Nakuahidi, Doña Ercilia, na huyo mwenye koleo asikie: kikilia, nitakuja kukubeba mgongoni. Kikinyamaza na mto ukapanda, nitakuja vilevile. Na kila kimoja watakachoteremsha, nitatundika viwili!"