Ufa Uliobaki Nje ya Picha

Kazini walimwita Mama Nyufa, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na mmoja mwanajiolojia huyo alikuwa akichora ramani ya mwezi mmoja wa barafu, ufa kwa ufa, kutokana na picha za chombo kilichoizunguka sayari ya mbali ya mwezi huo. Asiyemjua angedhani ana shamba huko.

Ufa mmoja ndio uliomnyima raha. Kwenye picha za mbali ulionekana kama mkwaruzo wa kucha, lakini kingo zake zilikuwa nyeupe kuliko barafu yote ya jirani. Kwake weupe ule ulikuwa na maana moja: barafu changa, iliyotoka chini juzijuzi. Siku hiyo chombo kingepita juu yake kwa karibu, mara ya kwanza na ya mwisho, maana mafuta yalikuwa yanaishia.

Saa tatu asubuhi, akipitia amri za kamera ili tu kujituliza, aliona kosa. Kwenye pembe ya kamera, palipotakiwa nyuzi sitini na tatu paliandikwa thelathini na sita. Aliyeandika ni yeye mwenyewe. Watu watatu walihakiki, na wote walipita juujuu: Mama Nyufa hakosei.

Alitoka mbio na karatasi ya amri hadi kwa fundi wa mawasiliano.

"Kaka, kamera itaangalia pembeni! Tuma amri nyingine, sasa hivi."

Fundi akatazama karatasi, kisha saa ya ukutani. "Dada yangu, amri inachukua dakika sabini na tisa kufika. Chombo kinapita juu ya ufa wako baada ya arobaini."

"Hakuna namna?"

"Hakuna. Itakuta mwezi umeshaachwa nyuma."

"Tuma tu, nakuomba."

Akatuma. Dakika ya arobaini ilipofika hakuna kilicholia wala taa iliyowaka. Alijua tu kwamba huko, muda uleule, kamera ilikuwa inafumbua jicho mahali pasipotakiwa.

Karibu saa tano picha zilianza kushuka. Ukumbi mzima ukapiga makofi, maana zilikuwa safi ajabu: uwanda mkongwe, mashimo ya vimondo yaliyochakaa, mabonge ya barafu makubwa kama nyumba. Katika picha ya sita, kwenye kona ya juu, ukingo mweupe pepepe ulianza kuinamia chini. Hapo picha ikaishia.

Saa sita kasoro chombo kiliitikia amri ya pili, kwa utiifu wake wote. Kilikuwa kimegeuka kama kilivyoambiwa na kupiga picha kumi na mbili za upande uliokwishaingia gizani. Zote nyeusi tititi.

Alimwendea mkuu wa kituo akamweleza yote, bila kuficha. Mkuu, mtu wa maneno mengi, alifungua fomu ya uhakiki akaisoma hadi chini.

"Ningekugombeza," alisema mwishowe, "lakini kwenye uhakiki kuna sahihi yangu."

Adhuhuri mama yake alipiga simu. "Haya, mmeuona huo ufa wenu?"

"Tumeona ukingo wake, mama."

"Basi si mmeuona?"

Alitaka kumweleza kwamba ukingo si ufa, kwamba hakuna tena atakayepita pale yeye akiwa hai.

"Ndiyo, mama. Tumeuona."

Kisha akarudi mezani akaupima ule ukingo: nukta kumi na nne za picha kwa upana. Akaandika kumi na nne. Penye kina aliandika: haijulikani.