Ng'ombe wa Kabare Afika Morse Road

Jumamosi mchana, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya duka la vyakula la Morse Road, kaskazini mwa Columbus, Nabintu alipewa kikombe cha plastiki chenye maziwa ya vuguvugu. Alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Aliyempa alikuwa Mzungu mpole aitwaye Colm, ametumwa na kampuni ya maziwa ya Ayalandi kutafuta masoko mapya. Soko walilolitaka lilikuwa Bukavu, lakini bima yao ilikataa wasifike huko kwa sababu ya vita. Basi wakaamua kuitafuta Bukavu huku Marekani, kwa Wakongomani wa Columbus, Louisville na Buffalo wanaofunga mizigo maghalani na kuogesha wazee wa watu.

Yale maziwa yalikuwa unga uliokorogwa. Mafuta yake ya asili yalikuwa yametolewa, yakatiwa ya mawese, ndiyo maana yakawa rahisi. Nabintu aliyajua kwa ulimi kabla hajameza. Lakini kwao Kabare, milimani juu ya Bukavu, maziwa uliyopewa mkononi hayasemwi vibaya. Ukiyasema, ng'ombe wa aliyekupa hukauka, na lawama ni yako. Hivyo Colm alipouliza yakoje, Nabintu alitabasamu akasema, "Iko muzuri sana." Wamama wote ukumbini walisema hivyo hivyo. Louisville walisema hivyo. Patricia, binamu yake wa Lackawanna, kule Buffalo, alisema hivyo na akaomba kikombe cha pili. Yule naye kwa heshima hajui kipimo.

Colm hakuwa na hila. Aliuliza, akajibiwa, akaandika. Kampuni ikaamini, ikapeleka makontena Bukavu.

Miezi ikapita, kisha Mushagalusa, kaka yake Nabintu, akapiga simu kutoka Kabare. Yeye alikuwa akiishi kwa ng'ombe mmoja aliyebaki katika mahari ya Nabintu, jina lake Mapendo. Maziwa yake aliyateremsha Bukavu kila asubuhi, na ndiyo yaliyosomesha watoto wake. Sasa alikuwa akirudi nayo yameganda ndani ya kidumu. Watu wananunua unga, alisema, na redio inatangaza kwamba wamama wetu wa Amerika wameuonja na kuupenda. Nabintu aliona haya.

"Na Mapendo ameenda," kaka akasema. "Alikamata njia asubuhi. Tulimwita, hakugeuka."

Mapendo alifika Jumanne kwa basi la Morse Road. Dereva alisimama kwa sababu alimkuta kituoni. Alishuka, akapanda ngazi hadi mlango wa Nabintu, akangoja. Nabintu aliporudi kutoka kazini alifungua mlango kwanza, kisha akamsalimia. Meneja wa nyumba alisoma mkataba: paka ruhusa, mbwa mkubwa marufuku, ng'ombe hakutajwa. Akaomba tu asipige kelele. Kostansia, jirani Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, alileta nyasi alizofyeka kando ya maegesho, akauliza kama ng'ombe ana mimba. Patricia naye akapiga simu: kwake wamekuja wawili wa baba mkwe wake, wako gereji. Louisville walikuwa wengi mpaka kanisa likawatolea uwanja. Wote walijua sababu. Ng'ombe walikuwa wamekuja kukaa na watu waliosifu maziwa mengine.

Mapendo alikuwa na maziwa tele. Nabintu alimkamua pale sebuleni, na Aksanti, binti yake, akaonja na kusema kwa Kiingereza kwamba yananuka ng'ombe. Mengi yakaishia kwenye sinki, na huko Kabare watoto wa Mushagalusa walikuwa wameshafukuzwa shule. Hilo lilimuuma Nabintu kuliko yote. Alimwambia Mapendo arudi nyumbani, akamwambia kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa upole na kwa ukali. Mapendo alitafuna tu.

Colm aliporudi Columbus na ladha mpya ya vanila, Nabintu alikuwa ameshaamua. Alipokea kikombe, akakiweka mezani ili kisiwe mkononi, ndipo akasema, Aksanti akitafsiri.

"Bon, Bwana Colm. Hii haiko maziwa. Iko mafuta na sukari. Ile siku tulikudanganya sababu ya heshima. Donc, sasa inaua kaka yangu."

Colm hakukasirika. Alishukuru, akasema ndiyo mara ya kwanza anaambiwa ukweli, na ataupeleka kwa wakubwa wake Dublin kama ulivyo. Kisha akauliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama watu wa Bukavu wataacha kununua. Nabintu alitamani sana kusema ndiyo. Ila alikuwa ameshaanza kusema kweli.

"Hapana," alisema. "Iko bei ya chini. Watanunua tu."

Colm aliomba kumwona ng'ombe. Alivua viatu mlangoni, akamwekea Mapendo kiganja mgongoni pale anapopenda, akasema baba yake alikuwa na ng'ombe kule Cork, Ayalandi, akawauza pale kampuni iliposhusha bei ya maziwa. Machozi yakamlengalenga. Walikunywa chai ya maziwa ya Mapendo, na Colm akasema hajawahi kuonja maziwa kama yale. Halafu akaomba ruhusa ya kupiga picha. Sasa mgeni aliyelia nyumbani kwako utamnyimaje picha?

Kabla ya Pasaka Mushagalusa alipiga simu ya video. Alikuwa ameshika kopo jipya. Kwenye picha yake alisimama Mapendo katika majani mabichi ya Ayalandi, na chini yake pameandikwa kwamba haya ndiyo maziwa ya kwetu. Kaka alisema linauzwa kuliko lile la kwanza.

"Anakula?" akauliza.

Nabintu aligeuza simu. Mapendo alikuwa amelala kati ya kochi na televisheni.

"Anakula."

Mushagalusa alimtazama kwa muda. Kisha akasema lazima akate, ana kazi siku hizi. Anauza yale makopo sokoni Bukavu. Wateja wanamkimbilia yeye na kuwaacha wenzake, kwa sababu wanamfahamu ng'ombe wake.