Kwa Nini Siyo C?

Niliota usiku wa jana kwamba kifungu cha habari kina mlango, na mlangoni kuna msimamizi.

Leo saa tatu asubuhi nina usaili wa kuandika, wa kazi ya kufundisha Kiingereza. Unasoma kifungu kirefu, unajibu maswali arobaini ya kuchagua, unasiliba kiduara cha herufi kwa penseli mpaka kijae. Huu ni wa tatu. Mara mbili nimeshindwa kwa namna ile ile: nasiliba jibu sahihi, kisha nalionea haya, nafuta, nachagua jingine. Jana nilinunua penseli mpya yenye raba ya kufutia mkiani, na kichongeo. Nikaviweka mezani, nikalala bila kuchonga. Sikuwa na uhakika kama nitakwenda.

Katika ndoto msimamizi ni saa ya ukutani. Imevaa koti.

"Soma swali kwanza, ndipo uingie kwenye kifungu," inasema.

Swali ni moja tu: Kwa nini fundi aliuliza tena?

"Sasa lete begi. Vya nyumbani haviingii. Jibu litoke ndani ya kifungu."

Inafungua begi langu. Inatoa sahani ya bati, mvua ya Tukuyu iliyokunjwa vizuri, na msiba wa baba. Inavipanga kwenye rafu na kunipa kikaratasi chenye namba.

"Utavichukua ukitoka."

Ndani, majibu manne yamekaa kwenye benchi. A amevaa suti na anasimama kabla sijamwita.

"Fundi aliuliza kwa sababu daima, kila siku, bila kukosa, alitaka binti yake awe mwalimu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Jumapili?"

A anakohoa. Anatoka bila kuaga.

B ana upande mmoja tu wa mwili: jicho moja, sikio moja, mguu mmoja. "Alikuwa anakagua majibu," anasema.

"Hiyo ni nusu ya kweli."

"Kwani unanionaje?" anasema B, na kuruka kwa mguu wake mpaka nje.

C ananyoosha kitambulisho. "Fundi hakujua Kiingereza."

"Ni kweli," nasema.

"Kweli tupu. Ila sijibu swali lako. Watu wananichagua hivyo hivyo, nimezoea."

D amejiinamia mwishoni mwa benchi. Anasema kitu, sisikii.

"Ongea kwa sauti," namwambia. Nashangaa, maana hayo ndiyo maneno niliyoambiwa mimi maisha yangu yote.

"Naona haya," anasema D.

"Chagua C," inasema raba mkiani mwa penseli yangu. Ina sauti ya upole sana. "Au B. Ukikosea, mimi nipo, nitafuta."

"Na nikipatia?"

"Nitafuta pia. Ndiyo kazi yangu."

Saa inagonga mara moja. "Mtahiniwa asiye na uhakika arudi kwenye mstari. Mstari wa kumi na saba."

Mistari ina namba kama nyumba za mtaani. Natembea. Kwenye wa tisa kuna matope, kwenye wa kumi na tano namtambua mbwa wa jirani, na kwenye wa kumi na saba mvua inanyesha juu ya mabati. Ni karakana ya baba.

Baba anaranda ubao. Penseli yake bapa ya useremala iko sikioni. Mimi nina miaka kumi na miwili, nimekaa juu ya maranda, magotini nina mitihani ya miaka iliyopita. Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya kila mvua ilipokataa kukatika: mimi nasoma kifungu, namweleza kwa Kiswahili, nataja herufi. Yeye, aliyeishia darasa la nne, ndiye mshika karatasi ya majibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Herufi?"

"D."

Anatazama karatasi. "Ni D kweli." Anairudisha mfukoni. "Kwa nini siyo C?"

"C ni kweli, baba, ila hawakuuliza hivyo."

"Ahaa. Na B?"

"B ni nusu. Yule bibi wa kwenye kifungu alikuwa anasubiri treni, lakini hakuwa na hasira."

"Na bata wake wa kwenye kapu? Alifika?"

"Hawakusema, baba."

"Wazungu bwana! Bata mzima wanamwacha hivi hivi." Anatikisa kichwa. "Wewe unaonaje? Alifika?"

Naeleza ninavyoona. Naeleza kwa muda mrefu sana. Huku nikiongea natazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza naona kwamba randa haitoi maranda hata kidogo. Naupapasa ubao. Umeshalainika. Umelainika tangu zamani. Randa inapita juu juu, polepole, isipige kelele.

Ukutani kuna barua ya mwalimu wangu, imepigiliwa msumari. Imeandikwa: Sekela haongei darasani.

Kutoka mbali, kwenye benchi, D anapaza sauti mpaka mabati yanatetemeka: "ALITAKA KUMSIKIA MTOTO WAKE AKIONGEA!"

Natafuta kiduara cha kusiliba.

"Una uhakika?" inasema raba. "Labda hayo ni ya nyumbani. Labda ubao tu ulikuwa mgumu. Labda..."

Baba anainua uso. "Nani huyo anakukatiza?"

"Raba, baba."

"Hebu lete." Anaigeuza penseli. "Na hujachonga! Unakwenda mtihanini na kijiti?"

Anailaza mezani, anashika patasi. Pigo moja. Raba inaangukia kwenye maranda, bado inasema labda. Kisha anachonga ncha mbili, huku na huku, kama alivyokuwa akinichongea kila mtihani, ili moja ikivunjika nigeuze.

"Sasa nikikosea, baba?"

"Si umeniambia kwa nini siyo C? Siliba."

Nasiliba. Saa inanirudishia vyangu: sahani, mvua, msiba. Nakagua. Vyote vimo.

Nikaamka. Saa kumi na mbili asubuhi, na jirani yangu Mama Gwantwa anagonga ukuta.

"We mwalimu! Huyo C amekukosea nini? Unamkataa tangu alfajiri. Si ukubali tu akuoe!"

"Samahani, mama. Nilikuwa naota."

"Miaka miwili tunaishi hapa, leo ndiyo nasikia sauti yako." Akagonga tena. "Na bata je? Alifika?"

Nilitaka kusema sijui. Badala yake nikakaa kitandani, nikamweleza ninavyoona, kupitia ukutani, mpaka chai yake ikachemka.

Kisha nikaenda mezani kuchukua vitu vya usaili. Kichongeo kilikuwa bado ndani ya pakiti yake ya dukani, hakijafunguliwa. Penseli ilikuwa na ncha mbili, huku na huku, bapa kama za seremala. Raba nimeitafuta hadi chini ya kitanda. Haipo.

Nakwenda hivyo hivyo.